Hiki na Huyu: Kiswahili katika Kuwafundisha Vijana Elimu ya Visukuku

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alialikwa kuhudhuria kambi ya sayansi ya vijana iliyofanyika wakati wa likizo ya Juni kaskazini mwa Tanzania, si mbali na Bonde la Oldupai. Waliokusanyika walikuwa wanafunzi wa sekondari, wengi wao wa kidato cha pili na cha tatu. Asubuhi walifundishwa kwa Kiingereza maana ya kisukuku, aina zake na namna kinavyotokea. Walinakili fasili kutoka ubaoni, wakaikariri kwa sauti moja, na walipoulizwa kama wana swali walinyamaza. Alasiri walipelekwa ukingoni mwa korongo, wakaonyeshwa kipande cha taya la nguruwe wa kale kilichojitokeza ardhini, wakaonywa wasikiguse. Hapo ndipo ndimi zilipofunguka. Msichana mmoja aliuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, huyu alifia hapa?" Kabla mwalimu hajajibu, mwenzake alidakia, "Kilichopo hapa ni hiki. Huyu alifia wapi, hatujui."

Mwalimu wao, ambaye ni mtaalamu wa miamba, alifurahi sana kusikia jibu hilo. Kisha akarejea kwenye Kiingereza na kuendelea na somo lake.

Makala haya yamechochewa na mazungumzo hayo mafupi. Katika sentensi mbili, kijana yule alikuwa ametenganisha ushahidi na makisio, jambo ambalo ndilo msingi wa elimu nzima ya visukuku, na alilifanya kwa kutumia viwakilishi viwili vya lugha aliyoizoea. Maoni yetu ni kwamba Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha ya kuwapa majina viumbe wa kale wa nchi zetu, lakini bado hakijakubaliwa kuwa lugha ya kuwaelezea viumbe hao kwa vijana wa nchi hizo hizo. Hali hii ina hasara kwa sayansi na kwa lugha pia, na wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika lawama.

2.0 Lugha ya kubatizia

Anayepitia majina ya kisayansi ya visukuku vilivyopatikana Afrika Mashariki atashangaa kuona jinsi Kiswahili kilivyojaa humo. Mwaka 1959, Mary Leakey alipogundua fuvu la zamadamu huko Oldupai, kiumbe huyo aliitwa Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji, kutokana na jina ambalo Waarabu wa kale walilitumia kwa pwani yetu. Ingawa wataalamu wengi sasa humwita Paranthropus boisei, wanafunzi wetu wangali wakimjua kwa jina lile la kwanza. Fuvu lake, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, ni miongoni mwa hazina kubwa za taifa la Tanzania.

Katika karne hii mtindo huo umeshika kasi. Mwaka 2010 mnyama wa jamii iliyo karibu na dinosauri, aliyepatikana kusini mwa Tanzania, aliitwa Asilisaurus kongwe. Mwaka huo huo mamba mdogo wa kale kutoka Bonde la Rukwa, ambaye meno yake yalitofautiana kama ya wanyama wanyonyeshao, alipewa jina la Pakasuchus kapilimai. Mwaka 2017 alifuata dinosauri Shingopana songwensis, na mwaka 2019 dinosauri Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alipatikana karibu na mto Mtuka na kwa kuwa baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Kenya nayo ilipata Simbakubwa kutokaafrika mwaka huo wa 2019, na mwaka 2022 Tanzania ikapata Mambawakale ruhuhu.

Majina haya ni heshima kwa lugha yetu, na hatuna nia ya kuyabeza. Yanapendeza zaidi yakilinganishwa na yale ya zama za ukoloni. Mmoja wa dinosauri wa Tendaguru, mkoani Lindi, aliitwa mwaka 1919 kwa jina la jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji katika kazi ile iliyofanywa kati ya 1909 na 1913, alilazimika kungoja hadi 2007 ndipo jina lake litiwe katika Australodocus bohetii. Wakati huo tani zipatazo 250 za mifupa, zilizobebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zilikuwa zimekwisha kukaa Berlin kwa takriban karne nzima.

Hata hivyo, yafaa tujiulize heshima hii inafika wapi. Jina Simbakubwa kutokaafrika lina mambo mawili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili angeyatambua mara moja. Kwanza, upatanisho wa kisarufi ungedai "simba mkubwa", kwa kuwa simba ni kiumbe mwenye uhai. Pili, mnyama mwenyewe hakuwa simba wala hakuwa wa jamii ya paka. Alikuwa wa kundi la wanyama wala nyama ambalo limekwisha kutoweka kabisa duniani. Jambo la kwanza ni dogo, kwani majina ya kisayansi yana kanuni zake. La pili ni zito. Kijana anayeliona jina hilo bila maelezo ya Kiswahili atadhani ameelewa, kumbe amepotoka. Neno la lugha yake limemkaribisha mlangoni, lakini maelezo ambayo yangemwingiza ndani yamo katika lugha nyingine. Hii ndiyo tofauti tunayoisisitiza kati ya lugha ya kubatizia na lugha ya kuelezea.

3.0 Sarufi inayofundisha

Yawezekana msomaji akasema kwamba maelezo ya visukuku yanahitaji istilahi ambazo Kiswahili hakina. Dai hili halina nguvu tena. Neno "kisukuku" limo katika kamusi zetu, na hata magazeti hulitumia yanapojadili nishati ya visukuku. Tunayo mashapo, tabaka, miamba, majivu ya volkano, bonde la ufa, korongo, fuvu, gego, unyayo, zamadamu na mageuko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Upungufu uliopo ni wa matumizi zaidi kuliko wa maneno.

Hebu tujaribu. Mnyama akifa, kwa kawaida mzoga wake huliwa, huoza na mifupa yake husambaratika. Mara chache hutokea akafunikwa upesi na matope, mchanga au majivu ya volkano. Nyama huoza, lakini mfupa hubaki. Maji yapitayo ardhini hubeba madini yaliyoyeyuka, na madini hayo hujaza vitundu vya mfupa kidogo kidogo, na pengine huchukua nafasi ya mfupa wenyewe, hata mwisho kilichokuwa mfupa kikawa jiwe lenye umbo la mfupa. Mashapo mengine hurundikana juu, tabaka juu ya tabaka. Baada ya mamilioni ya miaka ardhi huinuka au mto hukata korongo, na jiwe lile likatokeza. Katika aya hii hakuna neno lililotukwama, na tunaamini hakuna kijana wa kidato cha pili asiyeweza kuielewa.

Ni hivyo hivyo kuhusu umri. Katika majivu ya volkano mna aina ya potasiamu ambayo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika, kiasi kwamba baada ya miaka bilioni 1.25 nusu ya potasiamu hiyo huwa imekwisha. Majivu yakiwa moto mno, agoni huponyoka. Yakipoa, huanza kukusanyika upya. Kwa hiyo mtaalamu akipima agoni iliyonaswa katika chembe za tabaka la majivu, hujua tabaka hilo lilipoa lini, na kisukuku kilichokutwa chini yake hakiwezi kuwa na umri mdogo kuliko huo, maadamu matabaka hayajavurugwa. Kinachohitajika hapa ni mwalimu mwenye subira na mfano wa kibuyu kinachodondoka maji.

Walakini hoja yetu kubwa haimo katika msamiati. Imo katika sarufi, na ndiyo iliyodhihirishwa na kijana wa kambini. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua. Akisema "hiki", amezungumzia kisukuku, yaani jiwe lililo mbele ya macho yake. Akisema "huyu", amemzungumzia mnyama aliyekuwa hai, ambaye hakuna aliyemwona na ambaye habari zake zote ni za kukisia kutokana na jiwe lile. Kiingereza huweza kuvitaja vyote viwili kwa kiwakilishi kimoja, na mwanafunzi akavuka kutoka jiwe hadi mnyama bila kuhisi kwamba amevuka. Katika Kiswahili kivuko hicho husikika. Kilikutwa katika mashapo ya ziwa; je, aliishi ziwani? La, si lazima. Huenda alifia mbugani na mafuriko yakabeba taya lake. Kosa la kuchukua mahali pa kisukuku kuwa ndipo makazi ya mnyama huwapata wanaoanza fani hii wa kila nchi, na sisi tunayo alama ya kulikumbusha katika kila sentensi.

Mfano wa pili ni wa ngeli za mahali. Mtafiti wa visukuku hutofautisha sana kati ya kisukuku kilichookotwa juu ya ardhi na kile kilichomo bado ndani ya tabaka. Cha kwanza huenda kiliporomoka kutoka tabaka la juu lenye umri mdogo zaidi. Cha pili kina ushahidi wa umri wake mahali kilipo. Kiswahili kina "kipo", "kiko" na "kimo". Kijana aliyezoeshwa kuandika katika daftari lake kwamba kisukuku "kipo hapa juu ya mteremko", au "kiko huku bondeni, mahali hasa hapajabainishwa", au "kimo humu tabakani", amekwisha kujifunza nusu ya kanuni za kuweka kumbukumbu za uchimbaji. Aidha, atakuwa ameelewa kwa nini alikatazwa kukiokota, kwani kisukuku kilichoondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Tusieleweke vibaya. Hatudai kwamba wasemaji wa lugha nyingine hawawezi kufikiri hivyo. Wataalamu wao wamefanya hivyo kwa muda mrefu na kwa mafanikio makubwa. Tunachodai ni kwamba kijana wetu huja kambini akiwa tayari na chombo hiki, kikali na cha bure, nasi humwambia akiache nje ya mlango wa darasa.

4.0 Hasara ya kuiacha sayansi ijitafsiri yenyewe

Kuna wanaoona kwamba hakuna ubaya vijana wakijifunza kwa Kiingereza, kisha wakajitafsiria wenyewe. Tatizo ni kwamba tafsiri ya namna hiyo haina msimamizi, na makosa yake hudumu. Mfano mashuhuri ni ile kauli inayosikika mitaani, nyumbani na hata madarasani kwamba "binadamu alitokana na nyani". Kauli hiyo si mafundisho ya elimu ya mageuko. Nyani anayevamia mashamba yetu si babu wa mtu yeyote, wala sokwe wa Gombe si mhenga wetu. Kinachodaiwa na wataalamu ni kwamba binadamu na sokwe wana asili moja ya kale, viumbe waliokwisha kutoweka, na kwamba tangu hapo kila ukoo umeshika njia yake kwa mamilioni ya miaka. Kwa istilahi za ujamaa wetu, sokwe si babu bali ni binamu wa mbali.

Tofauti hii si ya neno tu. Kijana aliyeambiwa kwamba alitokana na nyani ana njia mbili: aidha aikubali kauli isiyo ya kweli ili afaulu mtihani, au aikatae sayansi yote kwa sababu ya kauli hiyo. Wengi hufanya yote mawili kwa zamu, darasani wakikubali na nyumbani wakikataa. Wazazi na viongozi wa dini wanaoipinga nao, mara nyingi, hupinga ile tafsiri mbovu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyowafikia. Hatusemi kwamba ikisahihishwa ubishi wote utakwisha. Tunasema kwamba watu wana haki ya kubishania jambo lililoelezwa sawasawa, na haki hiyo haipatikani kama maelezo sahihi yamefungiwa katika lugha wasiyoitumia wanapobishana.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba sayansi ni ya ulimwengu mzima na kijana atakayetaka kuwa mtaalamu atahitaji Kiingereza. Ni kweli, na hatupendekezi Kiingereza kiondolewe. Majina ya kisayansi yatabaki kama yalivyo, na atakayeendelea na masomo atasoma majarida ya kimataifa. Lakini wengi wa wanaohudhuria kambi hawatakuwa wataalamu wa visukuku. Watakuwa wakulima, wafugaji, wauguzi, madiwani na walimu. Ndio watakaoamua, siku mkondo wa maji utakapofumua mifupa ya mawe shambani, kama watatoa taarifa, au watavunja mawe hayo wajengee ukuta, au watamuuzia mpita njia. Elimu ya watu hawa isipokuwa kwa lugha ya maamuzi yao, haitakuwapo siku itakapohitajika.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni kwamba Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa vijana wengi wanaoishi karibu na maeneo haya. Oldupai ni nchi ya Wamasai, na jina lake latokana na neno la Kimasai la mkonge mwitu, ambalo wageni walilisikia vibaya wakaandika Olduvai. Ingekuwa kinyume cha haki kuwanyamazisha vijana wa Kimasai kwa Kiswahili kama tunavyolalamika kwamba wote wananyamazishwa kwa Kiingereza. Jibu letu ni kwamba kambi njema itaruhusu lugha zote zilizomo vinywani mwa vijana. Mfugaji mdogo anayetambua mfupa wa mbuzi na wa ng'ombe kwa kupapasa ana maarifa ambayo mwalimu wa mjini hana, na pengine maneno ya maarifa hayo yamo katika Kimasai tu. Kazi ya Kiswahili hapo iwe kuunganisha, si kutawala.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja sera mpya. Kwanza, idara za Kiswahili ziwapeleke wanafunzi wao wa uzamili katika kambi za sayansi wakiwa pamoja na wataalamu wa miamba na mambo ya kale. Istilahi zinazobuniwa ofisini hukaa kamusini. Zile zinazojaribiwa ukingoni mwa korongo, mbele ya vijana wanaouliza, ama huishi au hufa upesi, na vyote viwili vina faida kwetu.

Pili, zikusanywe istilahi za wachimbaji wenyewe. Tangu Tendaguru, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala kwa wenyeji, hadi Turkana, kazi ya kutafuta visukuku imefanywa kwa sehemu kubwa na Waafrika. Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyefariki mwaka 2022, ndiye aliyekiona mwaka 1984 karibu na mto Nariokotome kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa kale ambaye kiunzi chake ni miongoni mwa vilivyokamilika zaidi kuwahi kupatikana. Macho kama yake yalifunzwa, na mafunzo hayo yalipitia maneno. Wazee wa kazi hiyo wanapoondoka, maneno yao huondoka nao.

Tatu, kila kambi itoe kijitabu kifupi cha Kiswahili kilichoandikwa na vijana walioshiriki na kuhaririwa na wataalamu wa pande zote mbili. Kijana atakayeandika jinsi alivyoifahamu tofauti ya "hiki" na "huyu" atakuwa ametoa mchango kwa sayansi na kwa lugha.

Mwaka 1978 watafiti walianza kufukua huko Laetoli nyayo za zamadamu waliopita juu ya majivu mabichi ya volkano miaka takriban milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kilitangulia na kidole gumba kilielekea mbele, kama katika unyayo wetu. Vijana wa kambi ile walipoonyeshwa nakala yake, mmoja alivua kiatu akaweka mguu wake kando. Tulimsikia akimnong'oneza mwenzake, "Huyu alikuwa mfupi kuliko mimi." Kisha akasita, akajisahihisha: "Unyayo huu ni mfupi kuliko wangu." Mwalimu hakumsikia, kwa kuwa wakati huo alikuwa akiandika ubaoni neno la Kiingereza ambalo wangeulizwa kesho yake asubuhi.